Ngozi ya mzee: Usiseme "ni uzee tu"

NGOZI ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hufikia eneo la kati ya mita 1.5 na 2 za mraba. Ndiyo ukuta unaozuia vijidudu kuingia mwilini, ndiyo inayozuia maji ya mwili yasipotee, na ndiyo inayotutahadharisha tunapogusa kitu cha moto au chenye ncha kali. Pamoja na kazi zote hizo, watu wengi hawaikumbuki mpaka iwashe au itoe kidonda.

Kwa wazee wetu hali ni nzito zaidi. Babu akijikuna usiku kucha huambiwa "ni uzee tu". Bibi akikaa miezi mitatu na kidonda cha mguu kisichopona, huambiwa kuwa vidonda vya wazee ndivyo vilivyo. Baka jeusi likitokea kwenye unyayo hakuna anayeliona, kwa sababu hakuna anayeangalia unyayo wa mzee. Siku anapofikishwa hospitali, jambo ambalo lingemalizwa kwa upasuaji mdogo linakuwa limeshahitaji kukatwa mguu, au limeshapita uwezo wa daktari.

Uzee si ugonjwa. Ni kweli kwamba ngozi hubadilika kadiri umri unavyosonga, lakini mabadiliko hayo yana sababu zake na yana kinga yake. Katika makala hii tutaeleza kinga hiyo kwa mambo matatu ambayo kila nyumba ya Moshi na ya vijiji vya mlima Kilimanjaro inaweza kuyafanya: kivuli, mafuta na jicho.

Nini hubadilika uzeeni

Ngozi ya juu hujifanya upya kila wakati. Chembe mpya huzaliwa chini, husogea juu, kisha hufa na kupukutika. Kwa kijana safari hiyo huchukua takriban mwezi mmoja. Kwa mzee huchukua muda mrefu zaidi, ndiyo maana hata mchubuko mdogo huchelewa kupona.

Chini yake ipo tabaka yenye nyuzi za kolajeni na elastini, ambazo ndizo huipa ngozi uimara na uwezo wa kuvutika na kurudi. Nyuzi hizo hupungua na kulegea, na hapo ndipo makunyanzi yanapotokea. Vinyweleo vya mafuta na vya jasho navyo hupunguza kazi, hivyo ngozi hukauka, hupauka na kuwasha. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hupungua pia, na mishipa midogo ya damu hukosa kinga. Ndiyo maana mzee akijigonga kidogo tu kwenye kona ya meza hupata alama ya damu kuvilia, au ngozi kuchanika kama karatasi.

Mabadiliko haya huletwa na umri wenyewe. Lakini sehemu kubwa ya tunayoyaita "uzee wa ngozi" huletwa na jua, na mengine huletwa na moshi wa sigara, sabuni kali na vipodozi vibaya. Ukitaka ushahidi, mwangalie mkulima mwenye umri wa miaka 70. Linganisha ngozi ya shingo na ya mikono yake na ile ya tumboni, ambayo imefunikwa na nguo maisha yake yote. Umri ni ule ule, lakini ngozi hazifanani.

Kivuli: jua la mlimani hudanganya

Wapo wanaodhani kuwa jua kali ni la Dar es Salaam au Tanga, na kwamba kule Marangu, Kibosho au Machame, kwenye migomba na ukungu, hakuna la kuogopa. Hili ni kosa. Joto na mionzi inayodhuru ngozi ni vitu viwili tofauti. Mionzi hiyo, ambayo wataalamu huiita mionzi ya urujuani, haionekani kwa macho na wala haisikiki kama joto. Kadiri mtu anavyopanda juu, hewa ya kuichuja hupungua, na kwa kila mita 1,000 za kimo mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10.

Mji wa Moshi upo katika kimo cha kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Vijiji vya juu kabisa, karibu na mpaka wa msitu, vipo karibu na mita 1,800. Kwa hiyo anayelima huko juu hupata mionzi mingi zaidi kuliko aliye mjini, ilhali ubaridi unamfanya asijihisi kuungua. Mawingu nayo si kinga ya kutegemea, kwani wingu jepesi huweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo. Kwa wapagazi na waongozaji wanaopanda kuelekea kilele cha mita 5,895 hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu theluji hurudisha mionzi juu na kumchoma mtu midomo, pua na hata chini ya kidevu.

Ni kweli kuwa weusi wa ngozi ni kinga. Rangi inayoitwa melanini hupunguza mionzi inayoingia ndani. Lakini inapunguza tu, haizuii yote. Miaka 50 ya kulima mahindi na maharage katika mashamba ya tambarare huacha alama hata kwenye ngozi nyeusi.

Sasa mtu atajuaje ni wakati gani jua ni kali? Kipimo chake ni rahisi, nacho hakihitaji chombo. Angalia kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua lina nguvu ya kudhuru. Kikiwa kirefu kuliko wewe, nguvu yake imepungua. Muislamu anakijua kipimo hiki tangu zamani, kwa kuwa kivuli cha kitu kulingana na urefu wake ndicho kinachotumika kutambua kuingia kwa Alasiri. Kwa huku kwetu, saa za hatari ni tangu kama saa tatu na nusu asubuhi mpaka Alasiri. Mzee mwenye shamba na alime baada ya Alfajiri, apumzike jua likipanda, na akibakisha kazi airudie baada ya Alasiri.

Kama hana budi kutoka, nguo ndiyo kinga ya kwanza. Shati la mikono mirefu, kanzu, kanga, kitenge na mtandio hufanya kazi nzuri kuliko losheni ya bei kubwa. Ipime nguo kwa kuinyanyua kwenye mwanga: ukiona mwanga unapenya kwa wingi, ujue na mionzi inapenya. Shati zito la pamba la mtumba kutoka Kiboriloni laweza kuwa kinga bora kuliko jipya lililo jepesi. Aidha, kofia ya kanzu haitii kivuli masikioni, puani wala shingoni. Shambani inafaa kofia ya ukili au ya kitambaa yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote.

Pamoja na hayo, mzee asifungiwe ndani siku nzima. Mwili unahitaji jua kidogo ili utengeneze vitamini D inayoimarisha mifupa. Kukaa nje kwa muda mfupi, uani mikono na miguu ikiwa wazi, kunafaa, hasa kwa kina mama ambao kila watokapo huwa wamejisitiri mwili mzima.

Jambo jingine lisilojulikana sana ni kwamba baadhi ya dawa huifanya ngozi iumizwe na jua kwa urahisi. Miongoni mwake ni doksisaiklini, na vidonge vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo, kama haidroklorothiazaidi. Anayetumia dawa hizo asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali azidishe kujifunika, na akiona ngozi inaungua au kubadilika amweleze daktari wake.

Somo kutoka kwa ndugu zetu wenye ualbino

Anayetaka kujua jua linaweza kufanya nini kwenye ngozi isiyo na melanini, awatazame ndugu zetu wenye ualbino. Kwa miaka mingi wengi wao katika nchi yetu hawakufika uzeeni, na sababu mojawapo kubwa ni saratani ya ngozi, ambayo kwao huweza kuanza katika ujana.

Mkoa wa Kilimanjaro umekuwa na mchango mkubwa katika jambo hili. Katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kinachojulikana kwa kifupi kama RDTC. Tangu miaka ya 1990 kituo hicho kimewafundisha matabibu na madaktari wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na watumishi wake wamekuwa wakitoka kwenda vijijini kuwapima watu wenye ualbino. Katika miaka ya 2010 ikaanza kutengenezwa hapo hapo Moshi losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun, iliyokusudiwa watu wenye ualbino wa hapa nchini.

Mafanikio yaliyopatikana yanatufundisha sisi sote kuwa saratani ya ngozi inazuilika kwa vitu vya kawaida: kofia, mikono mirefu, losheni na kupimwa mara kwa mara. Kwa mwenye ualbino, losheni yenye kinga ya kiwango cha 30 au zaidi ni lazima, na irudiwe kila baada ya saa mbili awapo nje. Familia yenye mzee mwenye ualbino isingoje kidonda kitokee. Hata vigamba vidogo vikavu vinavyokwaruza kwenye uso, masikio au mikono vinatakiwa vionwe na daktari, kwa sababu huweza kugeuka saratani, na vikiwa bado vidogo huondolewa kwa urahisi.

Mafuta: ngozi ya mzee haihitaji kusuguliwa

Mwezi wa Juni na Julai, baridi inaposhuka mlimani, ndipo malalamiko ya wazee kuwashwa huongezeka. Mzee huoga maji ya moto sana, hujisugua kwa dodoki na sabuni ya mche ya kufulia, kisha hukaa karibu na moto wa jikoni. Mambo yote matatu huondoa mafuta machache yaliyobaki kwenye ngozi yake. Hujikuna, kucha huchana ngozi, vijidudu huingia, na kidonda huanza.

Njia iliyo bora ni hii. Aoge kwa maji ya uvuguvugu, na asikae kwenye maji muda mrefu. Sabuni iwe laini, tena itumike zaidi makwapani, sehemu za siri na miguuni. Mikono na mgongo si lazima visuguliwe kwa sabuni kila siku. Ajikaushe kwa kujipangusa taratibu bila kusugua. Kisha, ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu, apake mafuta mara moja. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanachofanya ni kuyafungia ndani yasipotee. Kwa hiyo, kuyapaka baada ya ngozi kukauka kabisa hupunguza faida yake. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha kabisa, na mafuta ya nazi yanafaa pia. Hakuna haja ya kununua krimu za bei kubwa zinazodai kurudisha ujana.

Udhu ni usafi na ni ibada, nao haumuathiri mzee ikiwa atazingatia mambo mawili. La kwanza, akimaliza ajifute vizuri, hasa katikati ya vidole vya miguu. Unyevu unaobaki hapo, ukifunikwa na soksi au viatu vilivyofunika mguu, huleta fangasi, na mpasuko wa fangasi ndio mlango wa vijidudu kuingia mguuni. La pili, apake mafuta mikononi na miguuni baada ya udhu, si kabla, ili pasiwe na tabaka nene la kuzuia maji kufika. Mzee mwenye kidonda, au ambaye maji yanamdhuru kwa maelezo ya daktari, dini imempa wepesi wa kutayamamu, kama ilivyoelezwa katika Suratul Maida aya ya 6. Awaulize masheikh namna ya kufanya, asijitese kwa kuloweka kidonda.

Kuhusu magaga, yaani visigino vilivyopasuka, aloweke miguu kwa dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu, asugue taratibu kwa jiwe la miguu, apake mafuta na kuvaa soksi safi za pamba wakati wa kulala. Asikate magaga kwa wembe.

Mwenye kisukari ana tahadhari ya ziada. Ugonjwa huo huua hisia za miguu, hivyo maji humuunguza bila yeye kujua. Asiloweke wala kusugua miguu kwa jiwe, maji ya kumuosha yapimwe kwa mkono wa mtu mwingine, na asiote moto kwa kunyoosha miguu karibu na mafiga. Asitembee peku, hata ndani ya nyumba.

Muwasho nao usichukuliwe wote kuwa ni ukavu. Ukizidi usiku, na watu wengine nyumbani nao wanajikuna, huenda ni upele. Huo hautibiki kwa kumpaka mzee peke yake: wote wa nyumba hiyo watumie dawa siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe na kuanikwa juani. Muwasho wa mwili mzima usio na vipele vyovyote huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa figo, ini, tezi ya shingo au damu, na unahitaji vipimo.

Mkorogo na bei yake uzeeni

Hatuwezi kuzungumzia ngozi bila kutaja mkorogo. Mama aliyeanza kujichubua akiwa na miaka 25 huiona athari yake akifika 50. Krimu hizo nyingi huwa na haidrokwinoni, zebaki, au dawa za steroidi kama klobetasoli. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi huweza kuleta mabaka meusi ya kudumu usoni, yaani kinyume cha kile alichokuwa akikitafuta. Zebaki hudhuru figo. Steroidi huikondesha ngozi, mishipa ya damu ikaonekana, na siku akihitaji upasuaji, kidonda hushonwa kwa shida na huchelewa kufunga.

Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini. Zamani vilisimamiwa na TFDA, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya TBS. Hata hivyo bado huingizwa kwa njia za panya na kuuzwa sokoni, vingine vikiwa vimepimwa kwenye vikopo visivyo na maandishi yoyote. Aliyekwisha kuzoea krimu ya steroidi aende kwa mtaalamu wa ngozi amsaidie kuiacha, kwa kuwa ngozi huweza kuwaka na kuvimba anapoiacha ghafla.

Jicho: angalia unyayo

Hili ndilo jambo la tatu, nalo ndilo linalookoa maisha. Saratani ya ngozi iliyo mbaya zaidi huitwa melanoma. Kwa watu weusi, aina hii mara nyingi haitokei usoni palipo na jua, bali kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Mwanamuziki wa Jamaica, Bob Marley, alipatikana na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977, na ilimuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wazima na wazee, na hauanzi kwa maumivu, bali kwa doa tu.

Mzee mwenye mgongo unaouma na macho hafifu hawezi kuuona unyayo wake mwenyewe. Lakini Muislamu huosha miguu yake kwa udhu mara kadhaa kwa siku. Basi mara moja kwa wiki, baada ya udhu wa Isha, mtoto au mjukuu akae na taa, aikaushe miguu ya mzee, aangalie nyayo, visigino, katikati ya vidole na kucha, kisha aipake mafuta. Kazi hiyo haifiki dakika tano. Mzee atakuwa amehudumiwa, na kijana atakuwa amejifunza kuijua ngozi ya mzazi wake, kiasi kwamba kikitokea kitu kipya atakitambua.

Yafuatayo yasisubiri:

1. Kidonda chochote kisichopona ndani ya wiki nne. Kwa mwenye kisukari, kidonda cha mguu kionwe siku hiyo hiyo.

2. Doa jeusi jipya, au linalokua, kwenye unyayo au kiganja. Au mstari mweusi chini ya ukucha unaozidi kupanuka.

3. Kovu la zamani la moto linalofumuka na kuwa kidonda au kuota nyama. Kovu la miaka mingi huweza kugeuka saratani.

4. Baka lililopauka au jekundu ambalo halina hisia ukiligusa. Ukoma bado upo, unatibika, na dawa zake hutolewa bure.

5. Malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili, yaani mkanda wa jeshi. Dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya siku tatu, na mzee aliyechelewa huweza kubaki na maumivu kwa miezi.

6. Ngozi nyekundu au nyeusi isiyorudi katika hali yake kwenye kiuno, matako au visigino vya mzee asiyeweza kuamka. Hicho ni kidonda cha kulalia kinachoanza. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili.

Mzee mwenye dalili mojawapo apelekwe kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na wahudumu watampa rufaa ikihitajika. Asipakwe majivu, mavi ya ng'ombe wala maji ya betri, kwani hivyo huchoma ngozi au huingiza vijidudu, na humpotezea siku ambazo angekuwa kwenye tiba.

Wazazi wetu walituogesha na kutupaka mafuta tulipokuwa hatujiwezi, na walikuwa wa kwanza kuona kipele kilipotutoka. Sasa zamu imegeuka. Tuwape kivuli, tuwapake mafuta, na tuwatazame miguu yao. Na mzee akisema ngozi inamsumbua, tusimjibu kuwa ni uzee tu, mpaka kwanza tumeiangalia.